Jumapili za Kuangalia Kamera

Jumapili iliyopita mdogo wangu alipiga simu ya video kutoka Busan, mji mkubwa wa bandari kule Korea anakofundisha Kiingereza, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia. Alikuwa na mapumziko, akaenda kuzunguka mahekalu na bustani za kule. Mimi nilikuwa hapa Durban, mtaa wa Point, kwenye flati yetu, nimeketi na Papa. Papa haoni tena. Sukari ilimla macho taratibu, jicho moja kwanza, kisha la pili, na sasa nikitoka saluni kazi yangu ni kumweleza dunia ilivyo. Basi aliposikia kwamba mwanawe yuko hekaluni, alisogeza kiti karibu na simu. "Iko nini pale?" akaniuliza. "Unielezee vizuri."

Nikatazama. Simu nzima ilijaa uso wa mdogo wangu. Nyuma ya sikio lake kilionekana kipande cha paa, na kitu chekundu ambacho labda kilikuwa taa, labda maua. Nikamwambia ageuze kamera. "Ngoja, Yaya, ona kwanza hii jaketi," akajibu, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, kisha akarudi nyuma ili tumwone mpaka viatu. Nikarudia kumwambia, na kurudia tena. Kengele kubwa ikalia huko nyuma yake, Papa akainua kichwa, na yule bwana bado anatengeneza kola. Halafu mtandao ukakata. Nilikasirika, na si kwa ajili ya mtandao. Nilijua vizuri alijifunza wapi.

Kama ulikulia hapa Durban katika familia ya Kikongo, rafiki yangu, umeshanielewa. Kama hukukulia, nivumilie kidogo. Wiki nzima Papa alikuwa Jacobs, kwenye kiwanda cha rangi, akirudi na ovaroli ngumu kama mbao, anakula, analala, haongei na mtu. Lakini Jumapili ibada ikiisha alikuwa mtu mwingine kabisa. Suti iliyopigwa pasi, leso mfukoni, viatu vya ngozi alivyovisugua tangu Jumamosi mpaka Mama akavionea wivu. Mama naye na kitenge chake na kilemba. Mimi na soksi nyeupe zilizonikaba, mdogo wangu na tai ya lastiki. Ndipo tulipokwenda kile alichokiita kutembea.

Na tulitembea kweli. Wakati huo tuliishi Overport, kwa hiyo bustani kubwa ya mimea tuliifikia kwa miguu, ile yenye ziwa dogo, na ndege aina ya mwari juu ya miti. Bustani ya Kijapani tuliifuata kwa taxi, tunashuka kwenye robot, zile taa za barabarani, na kumalizia njia kwa mguu, Mama akilalamikia visigino vyake. Tulikwenda jumba la makumbusho mjini. Tulikwenda kwenye mahekalu ya Wahindi, yale yenye minara iliyojaa sanamu za rangi. Ukiniuliza majina ya sehemu nzuri za mji huu nitakutajia bila kumeza mate. Ukiniuliza ndani yake kuna nini, eish, hapo utaniaibisha.

Hatukwenda kuona, ndiyo sababu. Tulikwenda kupigwa picha, na picha zilikwenda kwetu Bukavu kwa mkono wa msafiri yeyote, ili nyanya na mashangazi wajue kwamba huku tunaishi. Filamu ilikuwa ghali, haikupotezwa kwa maua. Papa alichagua mahali pazuri kuliko pote, kisha akatupanga tukiwa tumepageuzia mgongo. "Musiangalie kule, muangalie huku," ndiyo ilikuwa amri ya siku. Viatu lazima vionekane. Picha iliyokata viatu kwake ilikuwa imeharibika. Nyuma yangu nasikia maji yanaporomoka, ndege wakubwa wanapigapiga mabawa, watoto wa watu wanacheka kitu ambacho mpaka leo sikijui. Nikigeuza shingo, Papa anashusha kamera na kuvuta pumzi kwa pua. Nikiirudisha, anabonyeza, kisha anampa mpita njia kamera ili naye aingie. "Bon, twende." Na tulikwenda.

Hata chakula hatukukila kule. Mama aliamka mapema kukaanga mikate, ile yetu ya mviringo, na makemba, zile ndizi kubwa za kupika, na kuku wa pilipili, akavifunga kwenye bakuli lenye kifuniko, na harufu yake ikatufuata bustani nzima. Pembeni familia za Kihindi zimetandika blanketi, zinachota biriani, watoto wao wamevua viatu. Sisi tumesimama wima. "Mukikaa chini kwenye majani," Papa alikuwa akisema, "mutu akiwaona atasema hawa ni bakimbizi." Na tulikuwa wakimbizi. Karatasi zetu zilisema hivyo, na foleni za kuzitafuta zilimla Papa siku zake. Jumapili tu ndiyo hakutaka kuambiwa. Mikate tuliila nyumbani, imepoa na kulegea, nguo nzuri zikiwa zimesharudi kabatini.

Linaloniuma kuliko yote ni hekalu. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa bibi wa Kihindi, mjane, aliyetugawia achari ya embe kwenye chupa za jamu. Mwaka mmoja alitualika kwenye sikukuu yao. Mama alisita, akiwaza mchungaji atasema nini, lakini Papa alikubali haraka, kwa kuwa mnara wenye rangi zile ungependeza kwenye picha. Mimi yule bibi alikuwa ameshanisimulia kila kitu jikoni kwake: kwamba watu huketi chini kwa mistari, wakubwa kwa wadogo, na chakula hupakuliwa juu ya jani la mgomba, mchuzi ukikimbia nawe unaukimbiza kwa wali. Niliisubiri siku hiyo kuliko Krismasi.

Tulifika tukamkuta ametungojea mlangoni, miguu mitupu. Viatu vya watu vilikuwa vimejaa ngazini, malapa na makubazi na vya shule. Papa akavitazama, akatazama vyake. "Hii ndiyo naacha inje?" akamnong'oneza Mama. "Na kwenye picha nitaonekana miguu tupu?" Hakumkatalia bibi kwa maneno. Alitupanga tu pale getini, mnara nyuma yetu. Ndani ngoma zinapigwa, filimbi inalia, moshi wa kafuri unatoka mpaka kwenye macho, na yule bibi amesimama ameninyoshea mkono. Nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja. "Vaa," akasema Papa. Nikavaa. Picha hiyo ninayo. Nimenuna, na bibi hayumo, maana Papa alimwomba asogee kidogo.

Baadaye bibi alihamia kwa mwanawe, sikujua wapi. Mama tulimzika hapa hapa, mbali na kwao. Nyanya wa Bukavu naye alifariki, na zile picha zilizopita mkono kwa mkono sijui ziliishia kwa nani. Nilizobaki nazo nazijua kwa moyo: sisi, sisi, na sisi tena. Nachoka, nikwambie kweli. Mtu aliyenikataza kugeuza shingo utoto wangu wote ndiye leo ananidai nimweleze kuna nini nyuma ya watu, na yule mwingine yuko Korea, macho mawili mazima, ananionyesha kola.

Simu ilipokatika siku ile, Papa hakulalamika. Aliweka mikono juu ya magoti, akaniuliza kuhusu bustani yetu wenyewe, ile ya Wajapani. "Kulikuwa kadaraja," akasema. "Kadaraja nakumbuka. Chini yake mulikuwa nini?"

Kwenye daraja lile tulisimama mwaka baada ya mwaka, na kila mara maji yalikuwa nyuma yangu. Jibu la kweli lilinifika kwenye meno: sijui, Papa, ulisema tuangalie huku. Nilitaka sana kulisema. Lakini alikuwa amenigeuzia uso wote, macho wazi, anangoja.

"Samaki," nikamwambia. "Wakubwa, rangi ya machungwa. Na mmoja mweupe, alikuwa anapenda kukaa peke yake pembeni."

Papa akaitikia kwa kichwa, polepole, akatabasamu.

"Ndiyo," akasema. "Ule mweupe. Minamukumbuka."