Kilichoruka Jikoni bila Harufu

Habari ilinikuta Kahama nikisubiri basi: mama aliyewachomea dhahabu wachimbaji wa Kharumwa ametutoka. Figo, alisema mwanawe kwenye simu. Mikono nayo ilikuwa ikitetemeka tangu masika. Kama ni zebaki, hakuna aliyeitaja, nami si daktari. Nilisoma kemia chuo kikuu, elimu ambayo hadi leo imenisaidia zaidi kuwachosha watu mezani.

Alikuwa jirani wa shangazi yangu. Wachimbaji walimletea donge la zebaki iliyonasa dhahabu, naye akaliweka kwenye kifuniko cha kopo juu ya jiko la mkaa, mle mle alimopikia maharage, mlango ukiwa umefungwa ili wapita njia wasichungulie mali ya watu. Siku moja nilimkuta kazini. "Mayu," nikamwita, yaani mama kwa Kisukuma, "fungua mlango, hiyo inaruka hewani!" Akacheka. "Petroli ikiruka naisikia harufu. Spiriti vilevile. Maji yakichemka nayaona. Hii yako, msomi, inaruka na mabawa gani?" Nikamweleza kwamba chembe za spiriti zimeshikana kwa ulegevu, hutoroka hata kivulini, za maji zimeshikana zaidi, hutoka taratibu mpaka zisaidiwe na jua au moto. Zebaki hutoka kidogo kidogo hata ikiwa baridi, ila ikipata moto huondoka na kuiacha dhahabu peke yake. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na ukigusa bati la paa hupoa, ukarudi matone juu ya sufuria. "Kwa hiyo maharage yangu yana dhahabu?" Wachimbaji waliokuwa wakisubiri dhahabu yao wakaangua kicheko, na somo likaishia hapo.

Nikafika msibani, na kabla matanga hayajaanuliwa, mchimbaji mmoja akapiga hodi na donge lake mfukoni. Mke wa yule mwana aliyenipigia simu, mimba yake ikionekana waziwazi, akawasha jiko. Nikamsihi achomee nje, tena kwa chombo chenye kifuniko kinachonasa mvuke. "Kaka, nje kuna macho ya watu. Hicho chombo ninacho?" Akafunga mlango.

Huku kwetu tumejifunza kukimbia kinachonuka na kinachowaka. Hatari isiyo na dalili tunapika nayo. Anayeijua asije na maelezo matupu, aje na chombo mkononi, akae mpaka kitumike. Mimi nilikuwa nimekwenda na sukari ya msiba.