Maikrofoni Niliyoishika kwa Mikono Miwili

Mama alikataa katakata mimi, mwanawe wa kiume, nipige muziki ndani. Sherehe ya harusi ya dada yangu ilikuwa ya wanawake, na pazia la mlangoni halingefunguliwa hata upenyo wa kupitisha waya. Nikitaka kupiga kinanda changu cha mdomo, nipigie nje barazani. Kisha akaniuliza, "Na kifua je?" Nikamwambia kimepona. Nilidanganya. Angejua pumu imerudi, kinanda angekifungia kabatini.

Basi nikaenda Ndia Kuu kwa fundi wa redio. Alikuwa na maikrofoni mbili. Ya kwanza ilikuwa nzuri, lakini ina waya. Ya pili haina. Sauti yake hupita hewani ikatokea kwenye redio. Fundi alitaka niivae shingoni. Nikamjia juu: maikrofoni hufumbatwa pamoja na kinanda, kwa mikono miwili, la sivyo sauti haina utamu!

"Ukiifumbata hivyo itanasa kila kitu," akasema. Sikumsikiliza.

Jioni redio ikawekwa kwa wanawake, nami nikapiga barazani huku jasho likinitoka. Wimbo wa kwanza, vigelegele. Wa pili, vigelegele. Wa tatu sikuumaliza. Nikaegemea ukuta, maikrofoni nimeikumbatia kifuani, nikitafuta pumzi. Ndani kukawa kimya. Kilichosikika redioni kilikuwa kifua changu, kikikoroma na kulia kama filimbi.

Pazia likavutwa lote, mbele ya wanaume wote wa mtaa. Alikuwa Mama, kichwa wazi, buibui amelisahau ndani.