Kichwa cha Baba, Mkono wa Anko Deo

Nikifungua pamba yenye spiriti wodini, kabla sijamfuta mgonjwa mkono, pua yangu huniacha pale hospitali ya Westmead na kurudi mtaa wa Seven Hills, kwenye saluni ya baba yangu. Spiriti, poda ya watoto, mafuta ya mashine iliyopata moto, na sambusa ambazo mtu alizileta kuuza akaishia kuzigawa. Nimekuwa muuguzi miaka kadhaa sasa, na bado sijakubali kwamba harufu ile ni ya hospitali.

Saluni ilikuwa chumba kimoja mkabala na kituo cha treni: viti viwili vya kunyolea, kioo kirefu na benchi. Baba ni mtu wa Tanga aliyehamia huku ughaibuni, husema polepole na hukasirika polepole zaidi. Kabla yake, watu weusi wa upande ule walinyolewa na vinyozi wasiozijua nywele zetu, wakatoka na mabaka kichwani. Kwake walikuja wote, Wakenya wa hospitali, Wakongo wa viwanda vya Smithfield, wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa na njaa zaidi ya nywele.

Alikuwa na sheria moja. Mtu akiingia akasema ana intavyuu ya kazi, foleni inavunjika. Anakaa yeye kwanza, ananyolewa bure, na benchi zima linampa ushauri ambao hakuuomba. Kaka Kimani, Mkenya aliyekuwa mteja wetu wa kila Jumamosi, hakukosa lake: "Usiinamishe kichwa, bro. Hawa ukiangalia chini wanadhani umeiba kitu."

Mimi niliichukia sheria ile. Nilikuwa na miaka kumi, nikiambiwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza changu hicho nilimwambia baba kwamba tungekuwa matajiri kama asingekuwa mjinga. Yeye alicheka. Mama hakucheka, na nilikiona cha moto.

Anko Deo aliingia kwetu kwa sheria hiyo hiyo. Alikuwa Mrundi mwembamba aliyekuja kunyolewa kwa ajili ya intavyuu, akarudi wiki ya pili kusema kazi ameikosa. Baba akamuuliza kama anaweza kushika mashine. Akashika, akafanya kazi kwenye kiti cha pili miaka mitatu, na yeye ndiye aliyekuwa akimnyoa baba. Kisha akaaga, akafungua saluni yake ng'ambo ya reli, na nusu ya vijana wakamfuata.

Baba hakumsema vibaya hata siku moja. Alinunua kofia tu. Kichwa chake hakikuguswa na mtu tena. Alijipitishia mashine mwenyewe mbele ya kioo, mbele pakawa pazuri, nyuma sote tukajifanya hatupaoni.

Halafu mkataba wa chumba ukakaribia kwisha. Benki ilishamkatalia mkopo kwa kuwa hatukuwa na nyumba ya kuweka rehani, kwa hiyo akikosa chumba kile hana pengine pa kwenda. Dalali akaleta habari kwamba mwenye jengo anafikiria kumpa mtu mwingine, ila atamsikiliza baba Jumamosi, saa tano asubuhi.

Jumamosi hiyo baba alitokea chumba cha nyuma na koti, shati lililopigwa pasi na mama, na kofia yake.

"Baba Zena, vua hiyo kofia," mama alisema.

Akaivua. Kisogoni palikuwa na ngazi, na juu ya sikio la kushoto kishungi kilichokuwa kimesahauliwa tangu sijui lini.

"Unakwenda kuomba chumba cha kinyozi na kichwa hicho?"

Kaka Kimani akasimama kutoka kwenye kiti, maana zamu ilikuwa yake. "Mzee, si leo wewe ndiye uko na intavyuu? Basi keti."

Baba akakaa. Ndipo tukatazamana, kwa sababu kinyozi mwingine hatukuwa naye. Baba alijitazama kwenye kioo, nami nikamwonea huruma. Hatimaye akasema, kama mtu anayeagiza chai, "Zena, kamwite Deo."

Nilikimbia hadi ng'ambo ya reli. Saluni ya Anko Deo ilikuwa imejaa, na kwenye kiti alikaa kijana aliyenyolewa upande mmoja. Nikasema kwa Kiswahili, wala sijui kwa nini siku ile kilinitoka: "Baba ana intavyuu."

Alichukua mashine yake, akamwambia yule kijana afuate, na tukavuka daraja la kituo sote, kijana na nusu kichwa chake, shuka bado shingoni, watu wa treni wakitukodolea macho.

"Patron, inamisha kichwa," Anko Deo alisema alipofika, akimwita bosi kama zamani.

"Nimeambiwa nisiinamishe."

"Kule. Mimi niinamishie."

Benchi lilicheka mpaka mama akajifuta machozi. Baba akainama. Anko Deo akaziondoa ngazi zote, na kishungi pia. Alipotoka bila kofia, mgongo umenyooka, nilitamani shule yangu nzima iwe pale ikimtazama. Alirudi na mkataba wa miaka mitano.

Miaka mingi nilidhani Anko Deo alimnyoa baba, basi. Siku niliyokuwa na intavyuu yangu ya hospitali, baba alisisitiza nikae kwenye kiti kama wengine, lakini simu ikamwita nje, na Anko Deo, aliyekuwa amekuja kusalimia, ndiye aliyenisafishia shingo. Ndipo akaniambia. Yule mtu mwingine, aliyefikiriwa na mwenye jengo, alikuwa yeye. Saluni yake ilikuwa nyuma ya duka la betri za magari, haionekani barabarani, na dalali alimfuata na chumba chetu mkononi. Alikitaka sana. Aliomba siku mbili za kufikiri, na zilikuwa zinaisha Jumamosi ile saa sita.

"Kisha ukaingia wewe ukasema intavyuu," alisema. "Nikabaki nyuma yenu kidogo kwenye daraja, nikampigia dalali, nikamwambia sitaki. Usimwambie patron."

Yuko nyuma ya duka la betri mpaka leo. Kila Jumamosi ya pili anavuka reli kumnyoa baba, na baba huwaeleza wateja wapya, kifua mbele, kwamba mwenye jengo alishindwa kumkatalia mtu aliyenyolewa vizuri vile. Anko Deo humwambia atulize kichwa. Mimi naona fahari juu ya wote wawili, na nanyamaza. Nanyi, tafadhali, nyamazeni.