Jina Nililolikata kwa Kalamu

Birmingham, mzazi hawezi kusimama pembeni mwa uwanja akawagawia watoto maji mpaka ichunguzwe kwanza kama aliwahi kufanya uhalifu. Sikatai, watoto walindwe. Cheti changu kilitoka safi, na siku ya mashindano nilivaa kizibao cha manjano kama wazazi wengine. Lakini ile fomu ya kuombea cheti bado inaniuma.

Binti yangu ana miaka kumi, anakimbia mbio za kupokezana kijiti. Mwezi mzima alinisumbua kwamba mama za wenzake wote wanasaidia, mimi tu sionekani. Basi nikaijaza fomu peke yangu jikoni kwetu, Bordesley Green, kwa herufi kubwa, nikijiona msomi kweli kweli.

Swali moja liliuliza kama nimewahi kujulikana kwa jina jingine. Nikaandika ukweli. Kwetu Kongo mashariki, mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani, na lile la ubatizo linabaki kanisani. Wa kwanza wangu aliishi miaka miwili. Homa ilimchukua tukiwa katika kambi ya wakimbizi, na watu wakaendelea kuniita mama yake hadi siku niliyopanda ndege. Huku nilinyamaza. Huku mimi ni mama wa huyu mmoja, na huyu hakuwahi kuambiwa.

Tuliipeleka fomu shuleni pamoja, mimi na binti yangu. Karani wa shule alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioniudhi. Aliweka kidole juu ya lile jina akauliza kama ni la mume wangu wa zamani. Kiingereza changu kinatosha kazini, ninakowaogesha wazee, lakini pale kilinikimbia. Nikaambulia kusema ndivyo majirani walivyoniita. Akatabasamu, akasema kama haliko kwenye hati yoyote basi silihitaji, nilikate tu. Halafu nitie sahihi kando, kwa sababu kila kinachofutwa lazima kitiwe sahihi.

Nikalikata, nikatia sahihi. Niliona nimemzika mwanangu mara ya pili, tena safari hii kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimchukia yule mama wa watu bure, na kosa hakuwa nalo.

Binti yangu alikuwa ameegemea bega langu, anasoma kila kitu. Tulipokaa kwenye basi akauliza, "Mum, who's that?"

"Ni dada yako. Alikufa mbele uzaliwe."

Vituo vitatu vikapita. Kisha akasema, "So mimi si first?"

"Hapana, mwanangu. Wewe ni wa pili."

Akageukia dirishani, akalitamka lile jina polepole kwa ulimi wake wa Birmingham, akaliharibu lote. Tangu nifike nchi hii sikuwa nimelisikia kinywani mwa mtu. Nikamwomba alirudie.