Mashine Iliyopona Kila Ilipofika Kwangu

Ilikuwa mashine ndogo ya kufyonza vumbi, ya kushikwa kwa mkono mmoja, isiyo na waya. Shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo, alimletea mama yao baada ya daktari kusema kwamba vumbi ndilo linalomkaba kifua. Nyumbani kwa mama, huko Tongaren, stima ilikuwa haijafika. Mashine ikawa inapelekwa Naitiri kuchajiwa dukani pamoja na simu za watu, kisha inarudi kusafisha sebule mpaka betri iishe.

Mpango huo ulitufaa sote, mimi zaidi. Kifua kikizidi, mama angelazimika kuhamia kwetu Kibomet, mjini Kitale, na kwa mila zetu watu wa Bungoma mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hawali wakionana. Chuo kikuu niliwahi kuandika kurasa nyingi nikieleza faida za desturi hiyo kwa jamii. Sikugusia hata kwa mstari mmoja nyumba yenye sebule moja, ambapo kwenda chooni ni lazima upite mbele ya televisheni. Mama naye alikuwa ameshasema wazi kwamba ni afadhali akohoe kwake kuliko kupumua vizuri kwa mkwe.

Basi mashine ikaanza kuharibika. Habari zilinifikia kupitia mke wangu, aliyezipata kwa mke wa kaka yake, anayeishi boma moja na mama. Inanguruma tu, haivuti. Ikaletwa Kitale ikiwa imefungwa kwa kitambaa cha kufuma. Niliiwasha kwenye zulia letu ikavuta makombo, nyuzi, na kifungo cha shati langu. Nikadhani ni betri, kwa sababu nikikosa la kudhani mimi hudhani betri, nikampelekea fundi wa redio karibu na soko. Akabadilisha betri. Tukairudisha Tongaren, na haukupita muda habari ikawa ile ile: inanguruma, haivuti.

Ikaletwa tena, ikavuta tena. Mara hii fundi aliigeuza, akaiwasha, akaielekeza kwenye vumbi la meza yake, likapotea lote.

"Mzee, hii kitu iko sawa, bana," akasema. "Ama unataka niitafutie ugonjwa?"

Sikujua ninalotaka. Nilirudi nyumbani nikiwaza labda ni udongo wa kule, labda ni baridi ya asubuhi, labda mwenye duka huko Naitiri huchomoa mashine ili achaji simu. Nilimweleza mke wangu nadharia hizi zote, naye akaendelea kutandika kitanda katika chumba cha wageni. Mama alikuwa amekohoa wiki nzima. Mke wangu akaniambia niende mwenyewe nikaone, la sivyo mwisho wa mwezi anamleta.

Kwenda ni rahisi. Kuona ndiko kulikokuwa na shida. Nilipewa kiti uani, kando ya nyumba ya mama. Yeye alikaa ndani, mlango ukiwa wazi nusu, na shemeji, yule mke wa kaka, akasimama katikati kama mkalimani. Tulikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia mama akipumua, na sikupenda nilichosikia. Nikamwomba shemeji amwambie mama aiwashe mashine.

"Mama, anasema uiwashe."

"Nimesikia," mama akajibu. "Mwambie nawasha."

"Shem, anasema anawasha."

Ikaanza kwa nguvu. Kisha nikasikia kitu kinagonga ndani yake, ta-ta-ta, kama mvua ya mawe kwenye mabati. Baada ya hapo sauti ikaanza kuzama, ikawa mnong'ono, ikawa ile ngurumo niliyokuwa nikiletewa habari zake Kitale. Nikauliza ni nini kinagonga. Swali likaenda, jibu likaja: maharagwe. Mama alikuwa akifyonza makapi, vumbi na wadudu kutoka kwenye maharagwe yake ya mbegu, na mengine yalikuwa yanaponyoka na kuingia.

Nikasema, kupitia shemeji, kwamba mashine ililetwa kumwepusha na vumbi, si kumtafutia jingine. Shemeji aliangalia miguu yake.

"Mwambie mbegu zangu nazichagua mimi," mama akasema. "Kama sichagui mbegu, nimebaki hapa kufanya nini? Si niende tu nikakae kwake niangalie televisheni?"

Sentensi hiyo haikuhitaji kurudiwa, na shemeji hakuirudia.

Nikaomba mashine. Ilipofika mikononi mwangu, kichujio chake kilikuwa kimeziba kwa unga wa kijivu, kama kimepakwa saruji. Nikamuuliza shemeji mbona mashine ikija Kitale huwa safi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mbona huvaa nguo.

"Shem, si inaenda kwa mkwe? Nitatuma kitu chafu kwa mkwe?"

Kila mara, kabla ya kuituma, alikuwa akiifungua yote, anaosha kila kipande, anaanika juani, kisha anaifunga kwa kitambaa. Pale kwa mama walikuwa wakimwaga tu kile kibakuli cha uchafu. Nikamwambia aioshe hivyo kila Jumamosi, na kazi ya maharagwe ifanyiwe nje, mama akiwa amejifunga leso puani. Mlangoni ikasikika sauti ikisema leso ni sawa.

Nilipofika Kibomet mke wangu aliuliza kama mama anakuja. Nikasema haji. Akakaa ukingoni mwa kile kitanda cha wageni, akapumua, kisha akauliza mashine ilikuwa na nini. Nikaeleza. Nikaeleza tena, nikianzia kwenye maharagwe.

"Kwa hivyo ilikuwa inapona kwa sababu ya heshima?"

"Kama hivyo."

"Na ile betri uliyobadilisha?"

Nikamwambia nadhani ilisaidia. Mpaka leo sijui ilisaidia nini.