Spika Kwenye Duara la Nyarugusu

Wachimbaji wawili walitolewa hai, namshukuru Mungu, lakini mimi bado naona aibu kupita Nyarugusu.

Siku ile nilikuwa natangaza tamasha la vijana wa kanisa letu, spika nimeifunga nyuma ya pikipiki. Nikaona umati umezunguka duara, yaani shimo la dhahabu, wote kimya. Nikajua nimepata wasikilizaji. Nikafungulia muziki, nikashika kipaza sauti.

"Vijana, mtakaa shimoni mpaka lini? Tokeni, njooni tumchezee Bwana."

Hakuna aliyecheka. Nikaongeza sauti.

Mama mmoja akanijia, macho mekundu.

"Baba, zima hiyo. Duara limetitia, wanangu wamo ndani. Tulikuwa tunasikiliza kama wanagonga."

Nikapapasa swichi nisiipate, na muziki ukaendelea kulia.