Siku Tulipokaza Silambloki za Gari la Baba

Gari la marehemu baba lilinizidi umri. Alilinunua enzi za biashara yake kati ya Butembo na Goma, nami nikalirithi pamoja na kelele zake zote. Mwaka ule lilianza kugonga kila lilipopita shimo, na usukani ukawa unavuta upande. Fundi wa garaji moja ya Goma alitikisa gurudumu la mbele mara moja tu, akasema silambloki zimekwisha. Hizo ni bushi za mpira zinazokaa kwenye mikono ya chuma inayoshika magurudumu. Zikifa, chuma kinakula chuma.

Ningeweza kuvumilia, lakini vita vilikuwa vimeshapita mji wa Kiwanja na vilizidi kushuka kuelekea Goma, na mama yangu alikuwa bado Kibati, kaskazini kidogo mwa Goma. Majirani zake walikuwa wakija Goma kwa miguu. Yeye goti lilikuwa halimfikishi hata kanisani, na pikipiki aliiogopa kuliko risasi. Basi ilikuwa ni gari hili au abaki kule.

Fundi alizichoma silambloki za zamani mpaka mpira ukatoka ukinuka vibaya. Mpya akazipaka maji ya sabuni, akazigonga taratibu kwa nyundo na kipande cha bomba. Kufika saa sita mchana kila kitu kilikuwa mahali pake, zimebaki bulo, yaani boliti, za kukazwa. Nikamwambia akaze niondoke.

Akakataa. Alisema mpira ukikazwa magurudumu yakining'inia, gari likishushwa unajipinda, na barabara ya Kibati itaupasua kabla sijafika. Kwanza gari likanyage chini, tena likiwa na mzigo, maana gari la huku halitembei tupu hata siku moja. Hasira zilinipanda. Nilimwambia mama yangu ananingoja, naye ananisomesha. Akanijibu polepole, bila kuacha kufuta mikono.

"Papa, mama yako utamubeba na gari, ao na hasira?"

Akalishusha gari, akaingia kwenye shimo lililo chini yake na spana mkononi, akasema anahitaji uzito wa watu sita. Ng'ambo ya barabara, uwanja wa parokia ulikuwa umejaa wakimbizi waliolala pale tangu mwanzo wa juma. Nilivuka, nikapiga makofi, nikawaambia, "Mukuje mupande." Basi, hayo tu. Sikueleza kitu.

Walikuja mbio. Mzee mmoja alikuja na godoro lake, wasichana wawili na masufuria, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akiburuta gunia la maharage. Sita wakawa tisa. Nilifurahi kwamba uzito umetosha na kuzidi. Fundi akakaza bulo moja baada ya nyingine. Alipomaliza, yule mama akaniuliza kupitia dirishani kama tutafika Sake, mbali na vita, kabla ya giza.

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Nikamwambia hatuendi Sake, tulikuwa tunakaza bulo tu, na sasa ninapanda Kibati, kule kule walikotoka. Wakashuka mmoja mmoja. Mzee aliniomba nimtwike godoro lake, nikamtwika. Niliona aibu, lakini haraka ilikuwa kubwa kuliko aibu, nikawasha gari.

Lilipanda kimya, usukani umetulia. Nilimkuta mama ameketi mlangoni na mfuko wake miguuni, nikamwinua nikamwingiza. Tulipokuwa tukishuka nilimsimulia habari ya watu tisa, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Goma yote imejaa mawe ya volkano," akasema, "na weye ukaenda kutafuta batu?"

Mlangoni pa garaji penyewe palikuwa na lundo la mawe meusi, yangetosha kujaza gari mara mbili. Wala fundi hakuyawazia, wala mimi. Watu ndio waliokuwa karibu, na walikuja mara walipoitwa.

Asubuhi ya pili yake nilirudi parokiani na gari tupu. Yule mama alikuwa pale pale, karibu na gunia lake. Nikamwambia apande, nimpeleke Sake yeye na mizigo yake. Hakuinuka. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akalitazama gari, kisha akanitazama mimi.

"Leo ni ya kweli, papa, ao muko munapima tu gari?"